Gego la Felista Halitang'olewa

Kambi ya wapasua mbao, Mang'ula

Mama yangu, shikamoo. Naomba miguu yako iwe imeacha kuuma, maana mvua zimekatika. Sisi watatu tunapumua. Mgongo wangu umechoka na msumeno, lakini bado unainuka asubuhi.

Barua uliyomwandikisha kaka imefika. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Eti baba mkubwa amesema Felista asikanyage kwenye tambiko la marehemu baba akiwa na chuma mdomoni, wazee wa ukoo watamkataa. Eti nimng'oe mwanangu gego lenye chuma hicho kwa koleo kabla ya safari.

Mama, simng'oi.

Mlipomwona mara ya mwisho shavu lilikuwa limevimba, hali kitu ila uji. Nilimbeba mgongoni hadi Kiberege, tukapata lori la mpunga mpaka Ifakara. Kwenye hospitali ya misheni alikuwako daktari mgeni wa meno. Nikamwambia, "Ling'oe tu bwana, la utoto hili."

"Likitoka leo, la ukubwa litakosa njia. Wewe mpini wako ukianza kupasuka unautupa?"

"Naufunga pete ya chuma."

"Basi kaa."

Akaukwangua uozo, akakata kikofia cha chuma kwa mkasi, akakikunja, akalivika gego. Felista akamng'ata kidole. Daktari akacheka: "Tayari linafanya kazi!"

Kosa nililofanya ni moja, nalisema mwenyewe. Wenzangu kambini waliniambia, "Chuma hicho kitaota kutu, kipake mafuta kama msumeno." Nikakipaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni. Mtoto akashinda kichakani siku mbili, na mama yake akanisema mbele ya kambi nzima. Lakini kilichomwendesha ni mafuta yangu. Chuma hakina kosa, na kutu sijaiona.

Sasa mwambie baba mkubwa, kwa heshima yote: mkuki wa babu unaosimamishwa kwenye tambiko ni wa nini? Kama wazee wanakataa chuma, autoe kwanza huo, ndipo amtoe mwanangu. Gego litadondoka lenyewe akifika miaka kumi au kumi na mmoja, pamoja na kikofia chake, naye atalitupa juu ya paa kama watoto wote. Kabla ya siku hiyo, atakayemsogelea na koleo aanze na meno yangu.

Tutakuja wote. Felista akikosa mkeka, tutakaa nje ya uzio na baba tutamwombea hukohuko. Atatusikia.

Msalimie kaka anayekusomea haya, asiruke neno. Msalimie shangazi mfinyanzi. Baba mkubwa naye, shikamoo yake iko palepale.

Felista ananivuta mkono. Anasema, "Mwambie bibi aniwekee mahindi ya kukaanga, yale magumu. Natafunia upande uleule."

Ni mimi mwanao,
Polikarpo