Walinzi Wawili Wamekifungia Kitabu Changu

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana Jumamosi ndiyo siku ambayo kijana wangu amesema anakuja kuing'oa programu ya mkwe wangu kwenye kompyuta yangu, na mkwe naye amesikia, amesema na yeye atakuwepo, na mimi nimekaa katikati sijui nijifanye mgonjwa au nifunge mlango niende kwa dada yangu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimepokea watoto wa watu tangu nikiwa msichana mpaka magoti yalipogoma, na nilipostaafu mkuu wa chuo cha wakunga alinifuata nyumbani akaniambia, "Mama, usikae tu na yaliyomo kichwani mwako, tuandikie," basi nikanunua kompyuta nikaiweka kwenye meza ya marehemu mume wangu karibu na dirisha, nikajifunza kuchapa kwa vidole viwili, na kwa muda wote huu nimekuwa nikiandika kitabu cha kuwafundisha wakunga wapya yale ambayo darasani hayasemwi, kama vile namna ya kuzungumza na mama anayeogopa, na namna ya kumtoa mama mkwe chumbani bila kumvunjia heshima.

Sasa nisikilize. Huyo kijana wangu, kifungua mimba wangu, ambaye anauza vipuri vya magari na anapenda kila kitu kiwe na kufuli na kengele, aliponikuta naandika alisema kompyuta haiwezi kukaa hivi hivi kama nyumba isiyo na mlango, akaniwekea programu ya kuzuia virusi, ina alama ya ngao ya bluu, na ndani yake ina sefu ya kuhifadhia mambo muhimu, unaifungua kwa nywila. Nikamshukuru, nikampikia. Haukupita muda mrefu, mume wa binti yangu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alikuja kunisalimia, akaitazama kompyuta, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, hii ya shemeji imepitwa na wakati, ngoja nikuwekee ya maana," akaniwekea yake yenye alama ya jicho la kijani, lakini ile ya kwanza hakuiondoa, alisema hawezi kugusa kitu cha shemeji bila ruhusa yake, atakuwa amekosa adabu. Ruhusa yenyewe hakuiomba, na mimi nikampikia vilevile.

Tangu hapo sina raha. Kompyuta nikiiwasha naweza kwenda kuoga nikarudi nikaikuta bado inajifikiria, feni inalia, printa haitoi hata karatasi moja, na vijidirisha vinarukaruka usoni mwangu, ngao inaniambia jicho ni hatari, jicho linaniambia ngao inashukiwa, na kila moja inanitaka nichague kuruhusu au kuzuia. Mimi ni mama, Mshauri, siwezi kupendelea. Kwa hiyo nikawa nabonyeza kwa zamu, ujumbe huu naruhusu, unaofuata nazuia, bila hata kusoma, asije mtu akasema mama ana upande.

Wiki iliyopita nikamaliza sura ya mwisho. Nililia kidogo, sikufichi. Nikasema kitabu hiki kilale mahali salama, nikakitia kwenye ile sefu ya ngao, ngao ikaniuliza kama ile nakala ya nje ifutwe, nikakubali, na papo hapo jicho likatoa dirisha jekundu likisema kuna kitu kinavuruga mafaili yangu, je, kizuiwe na kutengwa? Ilikuwa zamu ya kuzuia. Nikabonyeza. Tangu hapo sefu nikiifungua ni tupu, nakala nyingine sina, na mkuu wa chuo anapiga simu anauliza kitabu kimefikia wapi, mimi namwambia bado napitia nukta na mikato.

Sijamwambia mtu. Kijana wangu anajua tu kwamba kompyuta ni nzito, na jana kanipigia, "Mama, tatizo ni ile takataka ya shemeji. Jumamosi naifuta yote, ikibisha nafuta kila kitu kwenye kompyuta tunaanza upya." Hajakata simu vizuri, binti yangu akapiga, "Mama, kaka akiitoa ya mume wangu mbele yake na wewe umekaa kimya, ujue umemdharau, na sisi tutakuwa tunakuja kwako kwa salamu za mlangoni tu." Wajukuu wangu, Mshauri, walizoea kulala hapa kila mwisho wa wiki.

Niambie ukweli hata kama unauma. Kitabu changu kimekwenda? Na nimchague nani, mwanangu au mkwe wangu?

Ni mimi,
Mkunga Niliyebanwa Katikati

*

Mkunga,

Kabla hujaendelea kusoma, weka gazeti chini, chukua simu, mpigie kijana wako umwambie hivi: asifute chochote kwenye kompyuta hiyo mpaka wewe useme. Kampigie. Nakusubiri.

Haya. Sasa pole, kisha habari njema. Kuna kila dalili kwamba kitabu chako kipo. Kimefungiwa tu. Sefu ya ngao, ili mwizi asisome kitu chako, huyavuruga maandishi yawe hayasomeki bila nywila. Jicho la kijani likaona maandishi yanavurugwa, na kwa kuwa kuna programu za kihalifu zinazofanya hivyo hivyo ili kumdai mtu fidia, likadhani umevamiwa. Likauliza. Nawe ukaamuru kitengwe. Kitu kilichotengwa hupelekwa mahali panapoitwa karantini, hukaa humo kama mtuhumiwa asiye na wakili. Lakini programu ikiondolewa kwenye kompyuta, mara nyingi vilivyo karantini huondoka nayo. Sasa unaelewa kwa nini nimekutuma kwenye simu kwanza. Kijana wako alikuwa anakuja kwa mapenzi yote kukizika kitabu cha mama yake kikiwa hai.

Niruhusu nikugombeze kidogo. Kuruhusu na kuzuia kwa zamu! Nimepokea barua za watu waliofanya mambo ya ajabu kwa ajili ya amani ya nyumba, lakini hii nimemsomea kila mtu hapa ofisini. Ulipokuwa kwenye chumba cha kujifungulia, msaidizi mmoja akasema mama asukume, mwingine akasema asubiri, ulikuwa unawapa zamu ili asinune mtu? Najua hukuwapa. Ulimtazama mzazi, ukaamua, na aliyenuna alinunia nje. Kompyuta haijui upendeleo wala haki, inajua amri tu, na amri zako zilikuwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

Sasa kazi. Kwanza katisha intaneti, kwa sababu utawapumzisha walinzi kidogo na hutaki wageni wakati huo. Fungua jicho la kijani, tafuta pa kusimamisha ulinzi kwa muda, lisimamishe, la sivyo utakitoa kitabu mkono huu nalo likikamate mkono ule. Halafu ingia karantini. Jina la faili linaweza kuwa limebadilika, usishtuke, angalia tarehe ya ile siku uliyolia. Chagua kurejesha. Kikirudi, fungua sefu ya ngao kwa nywila yako, kitoe kitabu humo ukiweke nje kabisa, kwenye uso wa kompyuta, ule unaouona mara tu ukishaiwasha. Kifungue. Soma ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho kwa macho yako, usiridhike na kuona jina tu. Kisha kinakili kwenye flashi, flashi uitoe, uiweke kabatini na nguo zako. Ukikwama popote hapo, simama, mwite fundi anayeaminika, na umwambie neno lile lile ulilomwambia mwanao: hakuna kufuta.

Baada ya hapo, na si kabla, ndipo waondoke. Nimesema waondoke, wote wawili. Usidhani nakukwepesha. Ngao si mbaya, jicho si baya, kila moja peke yake ingekulinda vizuri tu. Shida ni kuwaweka walinzi wawili mlango mmoja. Kila faili unalofungua wote wanalidaka kwa pamoja, huyu anavuta na yule anavuta, ndiyo maana unaoga unarudi bado. Kila mmoja anatembea na picha za wezi mfukoni, yaani alama za virusi anavyovitafuta, mwenzake akimpekua anazikuta, anapiga kelele kwamba amemshika mwizi. Na wote wawili wanalinda njia ya kwenda kwenye printa, wa kwanza akikubali wa pili anakataa, karatasi haitoki. Kompyuta nyingi za siku hizi huja na mlinzi wake kutoka kiwandani, ambaye akiona wageni wameingia hujiweka pembeni. Kama yako bado inapokea masasisho, mlinzi huyo anakutosha wewe na kitabu chako. Ondoa moja, zima uwashe, ondoa ya pili, zima uwashe tena, hakikisha mlinzi wa kompyuta amerudi kazini, ndipo urudishe intaneti. Kama kompyuta ni ya zamani na masasisho hayaji, bakiza moja tu, ile inayosasishwa. Utakayochagua itakuwa programu. Hutakuwa umechagua mtoto.

Kuhusu hao watoto. Binti yako anasema mumewe atadharauliwa, kaka yake anasema takataka ya shemeji, na katika maneno yote hayo sijasikia mtu akiuliza kompyuta ni ya nani. Mkwe wako alikumbuka adabu ya kumwomba shemeji ruhusa, ingawa hakuiomba, na hakukumbuka kukuomba wewe. Mwanao naye hakuuliza. Na wewe ukawapikia. Wanakupenda, hilo halina ubishi, na nimeona akina mama wengi wanaotamani watoto wa kugombania kuwalinda. Lakini umewaficha jambo ambalo lingewatuliza wote. Wanadhani wanashindania programu, kwa sababu hawajui kwamba ndani yake kuna kazi yako yote. Waambie. Mwambie mwanao leo hii kwenye simu hiyo hiyo, umpigie na binti, na mkwe umpigie mwenyewe, usipitishe salamu kwa mkewe. Sema kitabu kimefungiwa, sema ulikuwa unabonyeza kwa zamu kwa ajili yao. Watacheka, halafu wataona aibu, na aibu hiyo itafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya kwa kalamu. Mkuu wa chuo naye aache kudanganywa kuhusu nukta na mikato, amengoja kwa uvumilivu, anastahili ukweli.

Jumamosi usiende kwa dada yako. Waache waje wote wawili, mwanao na mkwe wako, na wajukuu waje na mito yao ya kulalia. Mmoja asome haya maelekezo kwa sauti, mwingine ashike flashi. Ila kabla hawajafika, toa viti vyote kwenye chumba hicho ubakize kimoja, kile kilicho mbele ya kompyuta. Ukikalie wewe.