Imla Niliyoisoma Vibaya

Sogea,
Tunduma.
9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Tulinagwe,

Shikamoo. Hali yako huko Mtwara? Lile goti limepata nafuu? Sisi tu wazima. Baba yuko Itaka na kahawa yake, mvua haijamtupa mwaka huu.

Shangazi, uliponipigia simu ulinisifu kwa kuwafundisha wale mabinti wanaolala kwenye vibaraza vya maduka, huku kwenye foleni ya malori. Nilinyamaza kwa aibu, nawe ukadhani ni unyenyekevu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Kanisa lilinituma niwapime kwa imla. Atakayefaulu angepelekwa shule na kupewa kitanda bwenini. Nikasoma maneno, wakaandika. Erica, binti wa miaka kumi na mitatu, akaandika "balua", "langi", "safali". Nikamfelisha, na alama zake nikazisoma mbele ya wenzake. Wakacheka. Akaniambia taratibu, "Madamu, nimeandika ulivyotamka." Nikamwambia aache ujeuri. Akatoka, hakurudi.

Baadaye niliugua, Mwalimu Jofrey, mzaliwa wa Morogoro, akawasomea waliobaki maneno yale yale. Wakayapata, hata yale waliyoyakosa kwangu. Kumbe ulimi wangu wa Itaka unageuza r kuwa l, na watoto waliandika walichosikia. Jofrey hakunilaumu, alinionyesha karatasi tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilimtafuta Erica, nikamkuta anaosha vyombo kwa mama lishe mmoja. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Hakuinua macho.

"Ulinisema mbele za watu," akasema. "Na hili utalisema mbele za watu?"

Nikalisema, Shangazi. Nilisimama mbele ya darasa zima, Erica akiwa mlangoni, nikakiri. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jofrey akampima upya, akafaulu. Sasa yuko bwenini. Lakini siku zote zile alizolala nje kwenye mvua hii nilimsababishia mimi, na sijathubutu kumuuliza zilipitaje. Tukikutana ananiamkia vizuri, kisha anapita.

Basi mkikaa kikao cha ukoo, nakuomba jina langu usilitaje kwa sifa.

Wasalimie sana Gwamaka na Mercy, na mtoto wao mbusu kwa niaba yangu. Mungu akutunze, akuinue na hilo goti.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Atuganile