Joto la Benchi

Namatala, Jumanne

Lile benchi la hospitali bado linanikera. Kila mwenzako akiitwa unasogea, na ukisita tu, umepoteza zamu. Mbele yetu alikaa mzee akikohoa kwenye leso, hadi sista aliyevaa barakoa akamtoa kando.

Nikamwambia mama, "Tusikae pale."

"Wee! Watatuchukulia laini, tupoteze zamu!" Akasogea, mtoto wangu mapajani mwake. Nikamfuata. Pale mahali palikuwa bado na joto la yule mzee.

Sista akarudi. "Nani alikuwa karibu na yule mzee?"

Kujibu ni kutolewa kwenye foleni. Benchi zima kimya. Mimi pia.

Sasa mtoto amelala. Nasikiliza anavyopumua, na sista hajui kwamba alikaa pale pa yule mzee, hajui hata jina lake.