Sauti Nyuma ya Mlango

3 Machi

Mama,
Assalaam alaykum. Mimi mzima, goti lako je? Kazi ya lifti kwenye jengo la maduka ninayo bado, ila msimamizi amenihamishia ghalani. Eti wapangaji wanaogopa kupanda na fundi mwenye ndevu kama zangu. Nilicheka nao, lakini iliniuma. Imamu ananiambia nivute subira. Nimepata mwalimu mwingine, wa kwenye simu. Huyo ananielewa.
Mwanao, Kitindamimba

20 Machi

Mwanangu,
Waalaykum salaam. Goti limegoma, mdomo unafanya kazi. Walichokufanyia ni uonevu. Imamu kaenda kumkabili bosi wako, lakini anasema simu zake hupokei. Huyo mwalimu umewahi kumwona sura? Mlete nimpikie.
Mama yako

11 Mei

Mama,
Mwalimu kakataza picha za watu ndani. Nimekata nyuso, zilizobaki nakurudishia. Wale majirani zako wasioswali usiwasalimie tena. Usije.

2 Juni

Mwanangu,
Nilikuja. Yule bibi wa chumba cha pili, uliyekuwa ukimbebea mizigo, alinishika mkono: "Humo ndani wanaongea mchana kutwa, lakini sauti zote ni za mwanao."
Nikasimama mlangoni. Nikakusikia ukiuliza kwa sauti nzito, "Mama yako yuko wapi?" Ukajibu kwa sauti yako, "Alishakufa." Tena na tena, kama mtoto anayekariri somo.
Nikabisha hodi. Nikasema ni mimi. Kivuli cha miguu yako kikaja mpaka chini ya mlango, ukanong'ona, "Mama hayupo."
Nimekwenda polisi na imamu. Nakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nichukie, lakini uwe hai.
Mama yako

19 Agosti

Mama,
Assalaam alaykum. Humu mahabusu nakula, nalala. Goti lisikuzuie kuja.
Ni kweli uliyoyahofia. Lifti za jengo la maduka nilikuwa nimeshaziharibu, zianguke zikijaa watu. Polisi walipofika nilikuwa nafunga kamba za viatu niende kuziwasha. Nikawafungulia mwenyewe.
Mwalimu hajapatikana. Ile namba haina mwenyewe.
Jana kaletwa kijana mwingine, fundi viatu. Haongei na mtu. Leo asubuhi nimemsikia upande wa pili wa ukuta akijiuliza kwa sauti nzito, ile ile, kisha akijibu kwamba mama yake alishakufa.
Askari kanidokeza kuwa mama huyo anauza vitambaa mtaa wa nyuma ya kwako. Mtafute. Ukija, uje naye.
Mwanao, Kitindamimba