Bia Niliyoipeleka Kuposa

Jumamosi, Kathonzweni

Nyasi! Bia niliyopika mwenyewe inanuka nyasi mbichi, na ndiyo niliyopeleka leo kumposea mwanangu, badala ya kaluvu, pombe yetu ya asali. Wazee wa ukoo walinionya, nikawaita watumwa wa mazoea. Maua ya hopsi, yanayoipa bia harufu, hukaa pipani siku nne. Niliyaacha kumi na mbili kwa ukaidi tu.

Baba wa msichana alionja, akatema. "Mkwe, hii umewaletea mbuzi?"

Pombe ya posa isiponyweka, mazungumzo hayaanzi. Mwanangu alikuwa karibu kulia.

"Basi imalize wewe," baba wa msichana akasema.

Nikainywa yote, nikiitetea kila glasi.

Tumepewa msichana. Sharti ni moja: siku ya harusi nije mikono mitupu.