Nimetia Grisi, Mama Wakesho

Mama Wakesho,

Siku hizi natungiwa uzi na jirani. Macho yangu unayajua. Anapita asubuhi kabla ya kwenda sokoni, anatunga sindano kadhaa mara moja, anazichomeka kwenye kitambaa, halafu anaenda zake. Ni mtu mwema. Lakini haimbi.

Nilitaka kukueleza habari za basi.

Tangu tukuzike Chawia sikuligusa. Lilibaki pale uani ulipoliegesha mwenyewe, ukiwa tayari na kile kikohozi ulichosema ni vumbi tu la Voi. Nilikuwa nikipita kando yake naangalia pembeni. Wakesho akipiga simu kutoka Mombasa ananiambia, "Baba, uza hilo basi uje ukae na sisi." Namjibu, tutaona. Sijui huwa namaanisha mimi na nani.

Wewe ndiwe uliyelitaka. Uliendesha watoto wa shule kwa basi lile miaka mingi, na shule ilipoamua kuliuza ukasema basi halijachoka, wamechoka wao. Tukalinunua, tukang'oa viti, tukaweka cherehani zangu mbili, meza ya kukatia, na kitanda chetu kule nyuma. Mghange, Chawia, Sagalla: wewe kwenye usukani, mimi nashona sare za shule. Watu walicheka. Mwanamke anaendesha, mwanamume anashona! Tulikuwa na raha, sivyo?

Sasa wiki jana nikaona weusi umetiririka kwenye gurudumu la nyuma. Nikainama. Ilikuwa oili. Imetoka pale katikati, kwenye habu, ikashuka mpaka chini ikanywewa na mchanga. Nikamwita Mwakio, yule fundi wako. Akapiga jeki, akafungua gurudumu. Sili, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, ilikuwa imekauka na kupasuka, na oili imelowesha breki. Akanionyesha beringi: upande wa chini inang'aa, upande wa juu imeanza kushika kutu.

"Mzee, hii gari imesimama sana," akasema. "Oili inakaa chini. Gurudumu isipozunguka, huku juu hakuna kitu."

Nikamwambia wewe ndiwe uliyechagua oili. Nakumbuka mlivyobishana. Yeye alitaka grisi. Wewe ukasema oili hupoza habu kwenye mteremko wa kutoka Mghange, na kupitia kile kioo kidogo cha kifuniko unaona imefika wapi. "Grisi huioni mpaka ufungue," ulimwambia, "na mimi nataka kuona." Kila asubuhi ulizunguka basi zima ukichungulia vile vioo, leso kiunoni, ukiimba wimbo wako wa kwaya kwa sauti ya pili tu, ile ya kwanza umewaachia wengine.

"Mama alikuwa sawa," Mwakio akasema. "Alikuwa anatembea kila wiki. Sasa niambie wewe. Kama utatembea vile, narudisha oili. Kama itakaa, tutie grisi. Grisi inashika pale umeiweka."

Nilimwambia arudi kesho yake, nikapanda ndani ya basi. Koti lako bado liko nyuma ya kiti cha dereva. Nikakaa kitandani. Mwakio aliniuliza habari za oili, lakini mimi nilisikia swali lingine kabisa: Baba Wakesho, peke yako hivi, utaenda wapi? Nikalia. Nililia vile sikulia siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na wageni wa kupokea.

Asubuhi nikamwambia atie grisi.

Usinikasirikie. Siwezi kutembea kama tulivyotembea, na macho haya hayatasoma kile kioo. Tulimwaga oili yote, tukaosha habu kwa mafuta ya taa na kuzikausha, kwa sababu Mwakio anasema mabaki ya oili huilegeza grisi. Tukaweka sili mpya, na beringi ile ya kutu tukaibadilisha. Grisi ni ile ya kuvumilia joto. Alinifundisha kuikandamiza ndani ya beringi kwa kiganja, mpaka itokee upande wa pili. "Usijaze pomoni, mzee, itachemka." Mikono hii ya kushika vitambaa vyeupe! Niliponawa, harufu ilibaki. Ilikuwa harufu yako ya jioni. Sikunawa tena.

Juzi nikaendesha hadi Sagalla. Ndiyo, mimi; ya mbali bado nayaona. Polepole, magari yote yakinipita. Nilipofika pale kanisani nilishuka nikashika habu moja moja. Vuguvugu tu, hakuna iliyochemka. Nikageuka kukuambia.

Akina mama walikuja na sare za watoto wao. Yule mwenye mapacha alitokea nyuma yao, amebeba mtungi wa maji, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akagonga. "Mama Wakesho, leo mbona hushuki?"

Hakuwa amesikia. Nami nilikuwa sijawahi kulitamka jambo hilo kwa mdomo wangu. Wakesho ndiye aliyewaarifu watu wote. Nikasimama pale na tepu shingoni.

"Alifariki, mama," nikasema. "Mke wangu alifariki."

Akatua mtungi. Akaketi kwenye ngazi ya basi, na mimi nikaketi. Baadaye akamimina maji yake kwenye kikombe, na unajua maji ya Sagalla yanavyotafutwa, akanishikisha mkononi, akangoja mpaka nimemaliza kunywa.

Basi siliuzi. Nimemwambia Wakesho nitakwenda kwake Krismasi, kisha nitarudi. Mghange sijui kama nitauweza ule mteremko. Lakini kila shule zikikaribia kufunguliwa nitapanda Sagalla, na kila mwaka kabla ya mvua nitafungua habu zote na kutia grisi mpya kwa mkono wangu. Hilo nakuahidi.

Huku ni upweke, sitakudanganya. Lakini nina magauni mawili ya wale mapacha ya kushusha pindo, na mwanga unaniishia.

Lala salama, mke wangu.

Mumeo,
Baba Wakesho