Sahani ya Karani Juu ya Sanduku

Jumanne, 4 Machi

Miaka thelathini na miwili na miezi mitano tangu nitoke nyumbani. Zimebaki siku kumi na sita nirudi. Tiketi nimeibana ndani ya kamusi.

Karani, paka wangu, ametapika tena. Nilimpa jina hilo kwa sababu hukalia karatasi zangu zote na hafanyi kazi yoyote. Amekula, zikapita dakika nne, akainamisha kichwa. Chakula chote chini, punje kavu za dukani, nzima nzima! Wiki ya pili hii. Pingili za mgongo wake naweza kuzihesabu.

Jumatano, 5 Machi

Kwa daktari wa wanyama. Amempapasa tumbo, amemtazama meno, amempima: kilo tatu na robo. Mwezi wa kwanza alikuwa na nne. Akauliza kama tumbo humcheza kabla ya kutapika. Nikasema hapana, chakula kinamtoka tu. Basi huenda anabugia, akasema. Nimpe kidogo kidogo, na sahani iinuliwe ifike kifuani. Chakula kisipokaa hadi Jumatano ijayo, itabidi umio, njia ya chakula, upigwe picha, naye alazwe kwa dawa ya usingizi. Kwa umri wake, hiyo ni bahati nasibu.

Sanduku langu la safari limelala karibu na mlango, tayari. Nimelipima: sentimita kumi na nane. Sahani imekaa vizuri juu yake.

Jumamosi, 8 Machi

Jana ametapika mara mbili, ingawa sahani iko juu.

Leo nilishinda katika kiwanda cha uchapaji, nasahihisha prufu, kurasa za majaribio. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alimlisha Karani. Hakutapika! "Kwangu amekula polepole kama mwali, mzee," akasema. Nimeona wivu, bila haya.

Jumapili, 9 Machi

Dada mdogo kapiga simu. Chumba changu kimepakwa chokaa. Nikamweleza habari za Karani. Akaniambia: "Kaka, watu tunakungoja, wewe wanihesabia matapishi ya paka? Mwachie jirani!"

Hajakosea. Jirani anamlisha vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi amepanda na supu, tule pamoja, aone kosa liko wapi. Karani kwenye sanduku, sisi mezani, kama tulivyozoea mimi na paka: yeye akila nami nala. Nikaweka kijiko chini. Fundi alikuwa bado anapuliza.

"Mzee, umeshamaliza? Mimi hata ulimi sijaulowesha! Mnakimbizwa na nani, wewe na paka wako?"

Nikacheka. Dakika ya tatu Karani akatapika, na kicheko kikanikauka.

Nikiharakisha, naye huharakisha. Anadhani nikimaliza changu nitahamia chake. Tangu lini nala hivi? Najua tangu lini. Mwaka wa kwanza, katika kambi ya wakimbizi, sahani zilikuwa chache kuliko watu. Mwenye zamu inayofuata alisimama nyuma yako akiingojea yako. Nilikula nikisikia pumzi yake shingoni. Mtu yule hajaondoka! Miaka yote hii nimekula na mguu mmoja mlangoni.

Jumanne, 11 Machi

Mchana. Kijiko kimoja kwangu, punje tano kwake. Katikati naandika, mkono usikimbilie bakuli. Saa nimeivua, iko mezani. Dakika ya kumi na moja, supu imepoa, na iwe. Karani ananitazama, kisha anatafuna. Anatafuna! Nasikia punje zikivunjika.

Kijiko cha tisa. Kwa mara ya kwanza nala humu kama mwenyeji.

Simu. Ni dada. Sanduku limefungwa? Nikamwambia lina kazi. "Kazi gani tena, kaka?" Nimehesabu punje tano nyingine. Simu nimeilaza kando ya bakuli, sauti bado imo: chokaa imekauka, pazia limetundikwa, walionijua wanauliza saa ya kufika. Anaongea taratibu sasa, kama mtu aliyeanza kuelewa.

"Kaka? Upo?"

"Nipo."

Dakika ya kumi na sita. Karani amelamba mdomo, amekaa, hajainamisha kichwa. Kesho ndiyo Jumatano. Sijui kama kitakaa. Kijiko hiki nikikimeza nitamwambia dada.

Sitarudi.